Chini ya Zulia la Morisi

Viti vimetolewa, vimepangwa ukutani
kama wageni waliofika kabla ya pilau kuiva.
Zulia limeng'olewa. Limekuja na mchanga,
kibanio cha nywele, senti kumi yenye tundu
na karatasi ya kliniki, wino umechujuka.
Mama alikuwa mkunga. Gari hili lilijua
kila kichochoro cha Kibokoni kinachopitika,
na viwili visivyopitika.

Dzombo amepiga magoti ndani,
bisibisi mkononi, agonga na kusikiliza.
Ngo. Ngo. Ngo.
Kisha: fu.
"Hapo," asema. "Hapo pana mtu."

Chini ya pedali ya klachi
pana kiraka cha samawati, rangi ya mafuta,
ile ya mlango wa jikoni kwetu.
Naujua mkono uliopaka: mapigo mafupi, ya haraka,
na unywele wa brashi ulionasa
ukalala humo tangu mwaka nisioujua.
"Usikiguse," namwambia.
Dzombo hajibu. Angoja nimalize kuwa mtoto.

Hapa Ganjoni chumvi haiji kwa mawimbi.
Huja na hewa, huvua viatu, huketi.
Huanza pale usipopangusa: kwenye mshono,
tumboni mwa mlango, chini ya sponji
iliyonyonya mvua ya Mei na kuificha hadi Disemba.
Nasi twang'arisha boneti.
Kikulacho, walisema wahenga, ki wapi?

Akaingiza ncha. Kiraka kikatoka kizima,
mbele samawati, nyuma kutu tupu,
nyekundu kama mabuyu kwenye kikaratasi,
na pale palipokuwa na sakafu
nikaona saruji ya gereji
na paka akipita zake.

Mara ngapi, Mama, ulikanyaga klachi hiyo
usiku, mvua yanyesha, mtu angoja kuzaliwa,
na kati ya kisigino chako na barabara
pana rangi ya mlango tu?

Tukakata. Tukachomelea bati jipya.
Kisha tukabishana.
Mimi nilitaka lami, kama zamani,
nyeusi, nzito, isiyouliza maswali.
"Lami hufunika, haiponyi. Ikipasuka,
maji hulala chini yake kama mwizi darini."
Redi oksaidi?
"Hiyo hunywa maji. Ukiiacha peke yake yakusaliti."
Tukaenda Mwembe Tayari, dukani kwa Kassamali,
kuuliza epoksi: makopo mawili,
moja la rangi, moja la dawa ya kuigandisha.
Kassamali aliandika bei kiganjani,
akatuonyesha, akakifumba.
Nikalipa. Zilikuwa pesa za mapazia.

Saa tatu asubuhi, unyevu umeshakauka.
Si mapema zaidi, wala si baada ya alasiri
upepo wa bahari unapolamba kila kitu.
Msasa. Kitambaa chenye tina.
Kisha mikono nyuma, hakuna kugusa:
jasho la kidole nalo ni chumvi.
Hilo sikulijua. Nimegusa vitu vingi.

Koti la kwanza kijivu, jembamba,
unaliona bati likipumua chini yake.
Kungoja. Chai. Kungoja tena.
La pili likaenda kinyume cha la kwanza.
Mishono Dzombo aliiziba kwa kidole chenye glavu,
polepole, kama anayemtia mtoto wanja.

Siku ya tatu nilileta kopo la samawati.
Si ile. Hii yaelemea kijani,
na Kassamali aliapa haielemei.
Dzombo akalitazama kopo, akanitazama.
"Zulia litafunika."
"Najua."
Akapiga msasa mwepesi juu ya kijivu
ili rangi ipate pa kushika,
akanipa brashi.

Nilipomaliza, alichukua waya
akazibua kitundu pembeni mwa sakafu
nilichokipaka nikidhani ni kosa la kiwandani.
"Hiki kiache wazi," akasema, akipangusa waya surualini.
"Maji yataingia tu, hata ufanyeje.
Yawekee mlango."