Si ya Kuuza

Mahindi yalishuka bandarini bure.
Nasema bure, maana yalikwisha lipiwa
na watu tusiowajua, huko yalikolimwa,
manjano kama meno ya mvuta tumbaku.
Tukayaita Yanga, na mwaka ule
hata sisi wa Coastal tuliila Yanga
asubuhi na jioni, kimya.

Bure ikapanda lori.
Getini ikaambiwa, lipa ya kupita.
Ghalani ikaambiwa, lipa ya kulala.
Makuli wakadai chao, na haki yao, migongo ni yao.
Kamati ikakaa siku mbili kwa chai na sambusa
kupanga bei ya kitu kisicho na bei,
na ile chai nayo ikapandishwa juu ya gunia.
Ilipofika Ngamiani, barabara ya kumi na nne,
bure ilikuwa shilingi mbili na senti themanini kwa kilo,
kwa wenye kadi.
Kwa wasio na kadi bure ilikuwa saba,
usiku, mlango wa uani.

Baba ndiye aliyeshika daftari.
Mhina Semkiwa, karani wa mgawo,
kalamu mbili mfukoni:
buluu ya waliopata,
nyekundu ya walioambiwa njoo Alhamisi.
Mimi, miaka kumi na moja, nilishika mdomo wa mfuko.
Nilizijua kaya kwa idadi ya matumbo:
kwa Mwantumu sita, kwa Shekue tisa,
kwa mjumbe watu wanne,
kilo za watu kumi na wawili.

Magunia matupu hayakutupwa.
Mbelwa wa Makorora alishonewa kaptula,
maandishi ya kigeni yakamkaa makalioni.
Mstarini, Mwalimu Kilua akamgeuza,
akavaa miwani, akatufasiria kwa sauti:
"Zawadi. Si ya kuuza."
Tulicheka mpaka kengele ikarudiwa.
Mbelwa hakucheka.
Siku ile alirudi kwao ubavuubavu,
makalio ameyapa ukuta.

Mwezi wa nne wakaja wakaguzi wa bei.
Wakakagua ghala: limefagiwa.
Wakakagua daftari: buluu tupu.
Wakatoka saa saba, jua la utosi, njaa inawauma,
wakamkuta Mwanamvua pembeni mwa soko
na karai lake la vitumbua vya manjano,
senti ishirini kimoja.
Wakala vinane.
Wakapangusa vidole, ndipo wakauliza:
mama, unga huu wa wapi?

Kosa: kuuza msaada.
Kielelezo: vitumbua vinne vilivyosalia,
vimefungwa gazetini,
vilivyoota ukungu kabla ya siku ya kesi.
Baba aliitwa shahidi.
Alipiga pasi shati lake mwenyewe, akaapa,
akasema mgawo wa mama huyu ni kilo tatu,
hakuzidishiwa.
Katika maneno yale hamkuwa na hata moja la uongo.
Miezi mitatu, au faini shilingi mia tisa.
Barabara ya kumi na nne wakachanga.
Kuli mmoja alitoa noti ya mia, imelowa jasho,
akasema, hii ni ya mgongo.

Baba hayupo sasa.
Mwaka jana nilifungua kasha lake
nikalikuta jiwe la kilo moja,
limefungwa leso, kama kitu cha harusi.
Nililipeleka kwa kijana auzaye dagaa,
yule mwenye mzani wa betri.
Tarakimu zikacheza, zikatulia:
gramu mia nane na kumi.
Akaligeuza, chini limechongwa kwa subira.
"Mama, jiwe hili unaliuza?"

Sikumjibu. Nilikuwa nikihesabu:
mia na tisini, mara kilo tatu, mara kaya,
mara Alhamisi zote za mwaka ule.
Kwetu hatukuwahi kupanga foleni.
Jioni mama alipakua ugali, kisha akaongeza,
na mimi niliyejua matumbo ya mtaa mzima
sikuwahi kuuliza letu
lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ipi.