Shaba Haipigwi Konzi

Tampere, mwezi wa kumi na moja.
Jua lilichungulia saa tatu na nusu, likaona theluji,
likajirudia zake.
Sisi tuko ghorofa ya chini, tunafuga nuru.

Kwanza ni mnara: mita kumi na mbili kwenda juu,
kileleni tanuru, na ndani ya tanuru fimbo ya kioo
nene kama kidole gumba cha Irmeli.
Kioo kinalegea. Kinadondosha tone.
Tone linashuka likiburuta mkia,
na mkia huo ndio uzi.
Irmeli anaupokea kwa vidole viwili
kama mtu anayemtoa mtoto utando wa buibui kwenye nyusi.
Moyoni mwa uzi tumetia chembe za iterbi,
chumvi ya mchuzi wetu. Bila hizo
kioo hupitisha tu nuru, hakiizidishi.

Mwale wenyewe hauonekani.
Hilo liliniogopesha tangu siku ya kwanza:
kilowati nane zimepita mbele yako
na jicho linaapa halikuona mtu.
Chuma tu ndicho kinachokiri.

Chuma cha pua kilikubali siku hiyo hiyo.
Shaba, la.
Shaba ina kiburi cha kioo cha kujitazamia;
unayoitupia, inakutupia.
Jumanne ile ilirudisha yote.
Mwale ukaingia ulikotoka,
uzi ukashika moto kwa ndani,
na cheche moja nyeupe ikatembea,
ikatembea kweli, mwendo wa mtu asiye na haraka,
mita baada ya mita kuelekea kwenye chanzo,
ikiacha nyuma yake mapovu
yaliyopangana kama tasbihi.
Irmeli akabonyeza kitufe chekundu.
Miezi saba.
Hakuna aliyesema kitu. Mtu akaenda kuosha vikombe.

Ndipo akaletwa Taisto,
mchomeleaji wa miaka arobaini na mmoja,
meli za kuvunja barafu kule Rauma.
Akavaa miwani yetu, akautazama mshono
uliotoboka kama soksi.
"Mnapiga konzi," akasema.
"Shaba haipigwi konzi. Unaizunguka kwanza,
unaipasha pembeni, taratibu,
hadi isahau kuwa inang'aa."
Akachora hewani kwa kidole chenye kovu:
duara, kisha nukta katikati.

Tukacheka kidogo, kwa adabu.
Usiku, kitandani, sikucheka.

Kwa sababu uzi unaweza.
Una moyo, na moyo una ala inayouzunguka,
nayo ala inabeba nuru yake.
Nukta peke yake, au pete peke yake,
au zote mbili kwa kipimo unachokibadili
kabla neno halijaisha kinywani.
Chuma: nukta, zama.
Alumini: pete pana, nukta hafifu.
Shaba: Taisto.
Ndivyo tulivyoliita faili. Taisto wa kwanza alitoboa.
Wa pili alitoboa. Wa tatu sitaki kumtaja.

Februari. Vilimi viwili vya betri,
vya shaba, unene wa ukucha.
Nilikuwa nimezoea kusikia mchi-mchi ya cheche
na sasa masikio yangu yalikosa kazi.
Mshono ulikuja kimya, mwembamba, mmoja,
kama mstari wa mwalimu chini ya jibu sahihi.

Taisto aliuchukua ungali na joto,
akaupitishia ukucha kwenda, akaupitishia kurudi.
Nilisubiri asifu.
"Na vijana wa Rauma," akauliza, "wameambiwa?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na grafu.

Tulitoka pamoja, saa kumi na moja, giza tupu,
theluji ikilia chini ya viatu.
Alikuwa ameutia ule mshono mfukoni mwa koti
bila kuomba, wala sikumdai.
Kwenye tramu alikaa akitazama dirisha lenye ukungu,
na mkono wake, mle mfukoni,
niliuona ukizunguka,
ukizunguka.