Kiti cha Kumi na Saba

Bombo, tarehe ishirini na mbili Desemba.
Nauli ya Arua imepanda kama homa ya usiku:
juzi elfu arobaini, jana sitini, leo themanini,
na aliyeiandika ubaoni kwa chaki ni mimi,
mkono wangu mwenyewe, bila haya.

Nakata tiketi. Dirisha langu lina upana wa sahani.
Uso wa mtu hauenei humo, huja kwa vipande:
kidevu, mdomo, kitambulisho cha kambi chenye jasho.
Koplo Adriko alihesabu noti zake mara tatu
kana kwamba ya nne wangezaana.
"Si kitu, afande," akasema,
akaniita afande, mimi mvaa malapa,
akarudi kukaa juu ya begi lake
lililovimba kwa sabuni, sukari na gauni la mtoto
ambalo, kwa macho yangu, mtoto keshalipita.

Alfajiri alikuwa amekuja Bi Bakhita Farajalla,
Mnubi wa nyuma ya msikiti,
vidole vimechanjwachanjwa na ukindu.
Akapenyeza bahasha ya kaki.
"Kawa kumi na sita nimeuza tangu mfungo uishe.
Kawa moja, kiti kimoja.
Nimehesabu kwa chaki yako, si kwa huruma yako.
Wakiuliza, waambie kampuni imepunguza."

Mama, nikamwambia, Krismasi si sikukuu yako.
"Kwani hamu ya nyumbani ina dini?"

Watu husema tenda wema nenda zako.
Yeye haendi popote. Hurudi barazani,
hulowesha ukindu mwekundu, ukindu wa kijani,
akaanza kawa ya Desemba ijayo.
Wako wasemao ana mtoto aliyepotelea Mogadishu,
wako wasemao hajazaa kamwe.
Sikuuliza. Mkono unaotoa hauulizwi kucha zake.

Sasa niseme lililo langu.
Mwaka jana bahasha ilikuwa na viti kumi na vinne.
Nilikata tiketi kumi na tatu.
Ya kumi na nne ninailalia: godoro, inchi nne, la maua.
Kuruti Candia wa Koboko alikula Krismasi yake langoni,
maharagwe kwenye bati, bunduki magotini.
Januari akapita hapa, akaniamkia kwa adabu,
na ile salamu ikanikwama kooni kama mwiba wa ngege.

Basi mwaka huu nimewaita mmoja mmoja.
Adriko alipopokea tiketi akautazama ubao,
themanini nyeupe, nene, bado mbichi.
"Kampuni imepunguza," nikasema.
Hakubisha. Alilipigia dirisha saluti.

Kumi na sita wakaisha, fedha hazikuisha.
Nikahesabu mara tatu, kama Adriko.
Chini ya bahasha kijikaratasi,
mwandiko wa aliyejifunza kuandika ukubwani:
*Cha kumi na saba ni chako. Shuka Nebbi, mama yako yupo.
Cha mwaka jana nakijua.*

Masikio yakaniwaka moto ndani ya kibanda cha mabati.
Nje, dereva anapiga honi, wa tatu huo,
na ng'ambo ya barabara kuruti anakimbia,
kofia mkononi, begi halina kitu,
anakuja kuuliza bei anayoijua.

"Kumi na saba," nikamwambia. "Dirishani. Panda."
"Shilingi ngapi?"
"Panda, kijana!"

Nikafunga dirisha. Themanini nikaiacha ubaoni,
mimi si malaika, na ubao ni wa tajiri.
Nikasafiri juu ya ndoo ya utingo, magoti kidevuni,
nikinusa mananasi ya Luweero na buti za watu waliolala.
Candia alilala kabla ya Kafu, mdomo wazi.

Karuma, mto unachemka povu chini ya daraja,
nyani wamejipanga ukingoni mwa lami.
Adriko akafungua kioo, akawatupia ndizi moja.
Wakaidaka, wakamenya, wakala,
wala hawakuuliza imetoka kwa nani.