Ufunguo Msingi

Mji huu, wanasema, waja leo waondoka leo.
Profesa Rukia Shemndolwa alikuja kwa mwaka mmoja,
kumshikia nafasi mtu aliyekwenda kusoma ng'ambo.
Yule mtu hakurudi.
Miaka thelathini na minne chaki ikamganda
kwenye mkono wa kushoto, maana ana mashoto,
na kila alichoandika ubaoni alikifuta nusu kwa kiwiko.

Chuo chetu cha biashara, Chumbageni,
ghorofa moja juu ya duka la vipuri.
Somo: Mifumo ya Taarifa.
Kompyuta: hakuna.
Tulianza na viatu.
Alituvua sote, jozi arobaini,
akavimwaga katikati ya darasa:
"Haya, kila mmoja amrudishie jirani yake vya kwake.
Kuuliza marufuku."
Tukagombana mpaka saa ya chai.
"Hiyo ndiyo stoo," akasema. "Nusu ya kampuni za mji huu
zimevaa kiatu cha mwenzake."

Siku nyingine akatuswaga kwa miguu hadi Ngamiani,
barabara zile zilizopewa namba badala ya majina.
"Barabara ya Nane wako akina Mwanaidi Juma watatu.
Mmoja ana deni, mmoja ana posa,
mmoja ana mgonjwa Bombo.
Barua moja ikikosea mlango, mtaani hapakaliki.
Jina ni pambo. Tafuteni kisichofanana."
Hapo ndipo nilipouelewa ufunguo msingi:
nimesimama juani mbele ya mlango wa bluu,
vitumbua vinanukia, na sina hela.

Kompyuta ya kwanza ililetwa na lori la mkonge.
Ikavishwa kanga, ikawekewa feni;
sisi tukabaki na joto letu.
Wakubwa walikuja kupiga nayo picha.
Yeye akaiuliza yale yale
aliyokuwa akiliuliza daftari la robota:
Nani anakuandika? Saa ngapi?
Amechoka kiasi gani?

Kwenye mtihani wa mwisho swali hilo lilibeba alama sitini.
Nilijibu neno moja, "karani."
Nikapata kumi na moja.

Juzi alikuja dirishani kwangu, dirisha la mafao.
Mfumo mpya, rangi ya kijani, umezinduliwa kwa keki.
Nikaandika jina lake.
Hakuna kumbukumbu.
Nikaandika tena, taratibu, kama mtu anayemwita mgonjwa.
Hakuna kumbukumbu.
Akainama kwenye kioo: "Jaribu bila ile N."

Akatokea.
Shemdolwa, Rukia. Mwanamume. Kazaliwa 1909.
Foleni nzima ikacheka, naye akacheka kuliko foleni:
"Miaka mia na kumi! Basi nimejitunza."

Chini kabisa, kwa herufi za kusumbua macho,
mfumo huweka namba ya aliyeingiza taarifa.
Niliifahamu. Ninaivaa shingoni kila siku.
Nikaiziba kwa kidole,
kidole juu ya kioo, mtu mzima mimi,
na yeye alikwisha kuisoma.

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la mtandio.
Hakuuliza kwa nini.
"Ilikuwa saa ngapi?"
Saa kumi na nusu, Profesa. Ijumaa.
Majalada mia mbili na sita yalikuwa bado.

"Ulikuwa umekula?"