Nakala Sitini za Mwisho

Nilikichapa mimi, hapa Nyawera,
kibandani kwangu kati ya kinyozi na muuza vocha,
mashine ikikohoa, wino ukienda kwa kipimo.
Nsimire Cirezi alilipa nusu. Nusu ya pili, alisema,
italetwa na wasomaji.
Nikacheka kimoyomoyo: wasomaji gani,
katika mji ambao mtu huhesabu sambaza kabla ya kuzikaanga?

Nakala mia na ishirini.
Sitini za kwanza nikazishona jinsi alivyonipa.
Kufikia ya sitini na moja, umeme umerudi saa sita usiku,
mvua inapiga bati kama mdai aliyechoka kusubiri,
nikafanya kosa la kusoma.

Mama Ntakwinja anazikwa ukurasa wa kumi na mbili.
Ukurasa wa tisini anatwanga sombe, anamkemea mkwe.
Nyumba imeshateleza na kilima mpaka bondeni,
halafu, kurasa thelathini mbele,
mafundi wanachanganya sementi ya msingi wake.
Nikasema: ni upepo. Mlango niliuacha wazi.
Nikasema: aibu hii itakuwa yangu, si yake.
Nikaketi sakafuni, kurasa zimenizunguka
kama kuku wanaosubiri mtama,
nikapanga.
Msingi kwanza. Kisha kuta, ndoa, mkwe, sombe.
Kisha mvua. Kaburi nikaliweka mwisho,
mahali makaburi yanapokaa.
Nambari mpya nikazibandika kwa gundi, nikachapa sitini zilizobaki.
Kulipopambazuka nilijiona nimemsitiri mtoto wa watu.

Wakaanza kuja.

Prefe Birindwa, aliyeangukiwa na toleo langu bila kujua,
alisema ni kitabu safi, hakina kosa,
na kwamba alisinzia mara tatu.
Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku, kule Panzi,
alikirusha ukutani, akakiokota, akakirusha tena.
"Marehemu anatwanga sombe! Huyu dada ana akili?"
Wiki iliyofuata akarudi kununua cha pili,
cha kumpelekea mdogo wake Uvira, aliyefiwa.
Ndivyo ilivyo, alisema, mama anakufa,
halafu kila siku unamkuta jikoni.

Kashosi, anayebadilisha dola pale konani, alitaka pesa yake.
Kitabu hakina shujaa! Ni kununua gari lisilo na usukani.
Mke wake amekificha chini ya godoro.
Sijui kwa nini, wala yeye Kashosi hajui.

Jumamosi moja wawili walikaribia kupigana mlangoni pangu.
Yule: mwisho ni kaburi, nililia.
Huyu: mwisho ni mafundi wanapiga mluzi, wewe umesoma nini?
Kila mmoja akaapa kwa mama yake.
Kila mmoja alikuwa na kitabu mkononi.
Mimi nikajifanya natafuta stepla.

Nsimire alikuja Jumanne, viatu vimejaa tope jekundu.
Akaweka mezani nakala, ya kwangu. Hakuketi.
"Uliisoma?"
"Yote."
"Ukaona mama amekufa mapema mno."
Nikasema ndiyo. Nikasema na samahani, lakini chinichini,
kwa kuwa nusu yangu ilikuwa haijajuta.
Akafunua ukurasa wa mwisho, lile kaburi,
akausoma amesimama, midomo ikitikisika,
kama mtu aliyefungua barua ya jirani.
Kisha akahesabu noti zilizokunjwakunjwa, ile nusu,
na juu yake nyingine.
"Chapa hamsini zaidi."
"Zipi?" nikauliza.

Umeme ukakatika.
Nikasikia viatu tu, vikiteremka kuelekea barabarani,
na kinyozi, ng'ambo ya ukuta, akimwambia mteja
asitikise kichwa.