Gramu Kumi na Tatu

Katwe, nyuma ya mafundi wa sigiri,
mizani yangu haijui historia.
Inajua shaba nyekundu, ya bei;
shaba njano, chini yake kidogo;
na chuma, ambacho hatukiulizi ukoo.

Acidri alimwaga gunia: koki, vitasa,
kufuli zilizofiwa na funguo,
kengele ya baiskeli isiyotaka tena kulia,
na kiduara kimoja, kijani kama mkate uliosahauliwa,
kimetobolewa juu.

Sumaku ikakipita bila salamu.
Nikashika tupa. Ndiyo desturi yetu:
kwaruza ukingo, uone damu.
Lakini pale penye tundu
kijani kilikuwa kimekwisha banduka,
na ndani yake njano, njano ya ndizi iliyoiva.
Nikaiweka tupa chini.

Nilisugua kwa upindo wa leso, polepole.
Shingo nene. Pua. Juu ya nywele, miale ya jua,
minne; wa tano uliondoka na msumari
wa yule aliyetaka kukivaa.
Herufi tatu pembeni: A, V, G.
Nikakigeuza kama ukurasa:
mtu kasimama kichwa chini.
Nikakigeuza kama chapati:
akasimama wima, S kushoto kwake, C kulia.

Ninacho kitabu kisicho na jalada,
niliuziwa kwa kilo, katikati ya magazeti.
Nikafunua. Kinasema, huko Roma
shaba nyekundu ilivishwa taji la majani,
shaba njano taji la miale,
na ya njano ilihesabiwa mara mbili.
Nikacheka peke yangu. Mara mbili!
Huku kwetu wangefilisika kwa wiki.

Mfalme gani? Kitabu kina wanne wenye pua ile.
Jina limelika, si kwa udongo:
limelika laini, kama kitu
kilicholala miaka kifuani mwa mtu.
Kifua cha nani? Huyo
ndiye ningependa kumtambua.

"Mama Nalweyiso, hesabu yangu."
Gramu kumi na tatu. Kwa bei ya leo
haifiki sarafu ya samaki, ile ya mia mbili,
ambayo sumaku yangu huirukia kama paka.
Nikamlipa koki, vitasa, kufuli, kengele.
Hiki, nikamwambia, si cha kilo.
Nikamweleza yote, hata miale.

Alisikiliza nusu.
Akachomoa waya wa breki,
akaupitisha tunduni, akafunga nyuma ya shingo.
Mfalme akatoka Katwe
vilevile alivyoingia popote: kwa miguu ya mtu mwingine.