Mlango wa Kulia

Jumamosi. Theluji imeziba dirisha la ghala,
baba mkwe yuko chini ya Praga;
naona miguu tu, na soksi moja iliyotoboka.
"Spana kumi na saba." Nampa. "Siyo hiyo."

Lori la jeshi, rika langu.
Halina rejeta, injini hupozwa na upepo,
na upepo, hapa Moravia, hauuzwi.
Vingine vyote vinauzwa:
nozeli kwa mjane mmoja wa Olomouc,
gasketi kwa mtu asiyetoa risiti.
Mama mkwe hupiga hesabu, hunyamaza, hukaanga vitunguu.

Mwezi wa pili tulipiga msasa mlango wa kulia, upande wa ndani.
Chini ya kijani, kijani kingine.
Chini yake, maneno ya ncha ya msumari:
RADIM. BADO SIKU 43.

Ctibor alivua miwani.
Naye alihesabu zamani, kambini,
kwa utepe wa fundi cherehani:
kila jioni mkasi, sentimita moja chini.
"Hapa tusipake," alisema,
akabandika kiganja,
nikakizungushia chaki.

Leo limewaka. Mara ya tisa.
Moshi mweusi, kuku wa jirani wamerukia paa.
Tumekwenda kununua mkate, kilomita mbili,
tani tano za chuma kwa mkate mmoja,
yeye akimpigia honi kila mtu, hata ng'ombe,
mimi kando yake, kidole
juu ya arobaini na tatu.